Majogoo Thelathini na Katibu wa Simu

Ijumaa, 1 Machi

Kuanzia leo mimi ni kampuni. Sababu ni majogoo. Wanne wanaishi bafuni kwetu tangu juzi, na asubuhi mmoja alimrukia mke wangu Diệp akipiga mswaki. Diệp hakupiga kelele. Alitema povu, akasema hapa Huế hakuna mwanamke mwingine anayeoga na kitoweo, na kwamba ama majogoo wapate paa jingine ama ataondoka yeye. Nikamwambia nina mpango. Akasema mipango yangu anaijua kuliko anavyonijua mimi.

Mpango upo kweli. Ubavuni mwa jumba la wahenga wa ukoo wa Lữ kuna chumba kitupu, chenye jiko, bomba na kibaraza cha kuuzia. Mwenye kauli ni Mzee Quýnh, mkuu wa ukoo. Tunaokitaka ni wawili, mimi na dada Thoa wa ng'ambo ya kichochoro. Kazi yetu ni moja: sinia za kuwakumbuka marehemu. Wali wa kunata, jogoo mzima wa kuchemsha, waridi mdomoni. Thoa huandika oda zake ukutani kwa chaki. Chaki, zama hizi! Mimi nimepakua programu tatu za kumsaidia mtu anayeendesha biashara peke yake. Moja inajibu wateja, moja inachora nembo, ya tatu inatunza kalenda na kunikumbusha. Hii ya tatu nimeipa jina, Katibu.

Jumapili, 3 Machi

Sasa nina Idara ya Oda, Idara ya Masoko na Idara ya Malalamiko. Zote ni mimi, ila wateja hawajui. Masoko wamefanya kazi nzuri, wamenipatia sifa kumi na moja za nyota tano. Diệp amezisoma, akauliza mbona wateja wote kumi na mmoja wanaitwa Khiêm kama mimi. Nimemwambia ni jina la kawaida.

Oda wameteleza kidogo. Mama mmoja wa jirani aliandika kwamba mumewe amefariki alfajiri, anahitaji sinia. Programu ikamjibu yenyewe, papo hapo: Hongera kwa chaguo lako! Tunatarajia kukuhudumia tena hivi karibuni. Akapiga simu, anamtaka mkurugenzi. Nikabana pua, nikasema mkurugenzi yuko mkutanoni Đà Nẵng. Akasema, wewe Khiêm, nakusikia mara mbili, simuni na dirishani. Amekwenda kununua kwa Thoa. Nimepeleka suala hilo Idara ya Malalamiko, ambayo leo haifanyi kazi kwa sababu ni Jumapili.

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Mzee Quýnh ameniita langoni kwake. Mwaka huu sinia thelathini za kumbukumbu ya mwasisi wa ukoo nizipike mimi, wazee waonje. Wakiridhika, chumba ni changu. Wasiporidhika, anampa Thoa. Siku ni ileile ya kila mwaka, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Nikaiingiza palepale kwa kidole gumba. Katibu akalia: zimebaki siku nane. Mzee akaniambia nisihangaike, muda upo tele, niwatafute majogoo polepole. Siku nane anaziita muda tele! Wazee bwana.

Kwa furaha nimeing'oa ile kalenda ya ukutani, ya kuchana karatasi moja kila asubuhi. Juu ina tarehe kubwa ya ofisini, chini ina tarehe ndogo ya mwezi mwandamo, ambayo wahenga wote wa nchi hii huitumia kujua siku yao ya kula. Miaka arobaini na tatu nimeishi chini ya karatasi hizo. Mwenye Katibu azifanyie nini? Nimempelekea Thoa afungie wali. Ameshukuru, kisha akaitundika.

Alhamisi, 7 Machi

Majogoo thelathini si mchezo. Ishirini bafuni, sita chini ya kitanda, wanne jikoni. Katibu ananikumbusha kila saa, na kila akilia, majogoo wanamwitikia. Diệp ameziba masikio kwa pamba. Begi lake limejaa na liko karibu na mlango.

Thoa amekuja kuuliza kuku wote hawa ni wa nini. Sikumwamini hata chembe. Nikasema ni wa harusi ya binamu yangu. Akauliza, na zile sinia za akina Lữ, si umepewa wewe, umejipangaje? Nikamjibu kwamba Idara ya Masoko haitoi siri za kampuni. Akasema haya kaka Khiêm, lakini nikitaka kuazima sufuria yake kubwa nimwambie mapema, maana mwezi ujao ana shughuli nyingi. Mwezi ujao! Maskini, hana habari kwamba shughuli yenyewe ni wiki ijayo. Nimecheka mpaka jogoo mmoja akaniparura shingoni.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimechemsha tangu alfajiri. Safari sita za pikipiki. Saa tatu asubuhi sinia thelathini zilikuwa zimepangwa mbele ya jumba, majogoo wameinua shingo, waridi midomoni, wali mwekundu unafuka moshi. Mlango una kufuli. Hakuna mtu. Paka mmoja tu. Nikangoja. Paka akaenda kuwaita wenzake.

Nikampigia Mzee. Akaja na kandambili, meno ya bandia mkononi. Akazitazama sinia, akanitazama mimi, akazirudia sinia, akauliza nani amekufa. Nikamwambia leo ni kumi na mbili, mwezi wa tatu, nikamwonyesha Katibu kama shahidi. Mzee akavaa meno kwanza, ndipo akasema: "Mwanangu, hiyo tarehe ni ya watu wa ofisini. Kwa wahenga leo ni tarehe tatu ya mwezi wa pili. Umewapakulia watu ambao hata viatu hawajavaa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna mtoto wa shule hapa kwetu anayempangia marehemu karamu kwa tarehe ya ofisini. Nimeishi miaka arobaini na tatu, nimekosea leo, mbele ya paka saba.

Thoa alikuja mbio na hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Alichukua kisu, akawakata majogoo, akabandika uji wa mchele na kuku kwenye ile sufuria yake kubwa, akaita kichochoro kizima. Watu wakala, wakanipongeza kwa harusi ya binamu. Diệp alikula mapaja mawili huku amelikalia begi lake. Nilimwomba msamaha. Akaniambia nimpitishie chumvi.

Jumatano, 13 Machi

Mzee ameniita tena. Nilikwenda nikijua ananinyima chumba. Kumbe amesema kuku walikuwa laini, na wali wa namna ile hajaula tangu mama yake afariki. Kwa hiyo ananipa nafasi ya pili. Sharti ni moja. Siku tatu kabla ya karamu, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, niende kwake mwenyewe, tunywe chai, nimthibitishie kwa kinywa changu. Nisipotokea, jioni hiyohiyo ufunguo anapewa Thoa. Nikamshika mikono yote miwili, machozi yakanitoka. Sioni aibu kuyaandika.

Diệp amesikia, akatoa nguo mbili kwenye begi. Mbili tu. Amesema atasubiri hiyo siku ya chai, na nikiikosa, asiulizwe anakwenda wapi. Usiku huu nimewaza nyumba hii bila yeye, na majogoo ndani. Hapana. Safari hii sitafanya mzaha.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa la Katibu. Nani alimfundisha mambo ya mwezi mwandamo? Leo nimempekua kila kona, nikakuta kitufe chenye picha ya hilali. Kumbe kilikuwepo siku zote! Nikakibonyeza. Kioo kizima kikageuka cheusi, maandishi meupe. Mambo ya wahenga hayo. Sasa anahesabu wanavyohesabu wao.

Kwa mikono yenye adabu nikaingiza: tarehe tisa, mwezi wa tatu, chai kwa Mzee Quýnh. Katibu akajibu kwamba siku hiyo ni Jumapili, tarehe tisa Machi, mwaka ujao.

Mwaka mzima! Nilihesabu mara mbili, nikakaa chini. Mzee huyu ana roho ya dhahabu, na kwa unyenyekevu wake hata hakujisifu. Thoa amepita akisema atanigongea mwezi ujao, siku ya chai ikikaribia. Nikamwambia asijisumbue, kampuni ina mfumo wake.

Na kwa kuwa muda upo tele, nimeamua kumtuliza mke wangu. Nimekata tiketi mbili za treni. Aprili yote, kuanzia tarehe mosi hadi thelathini, tutakuwa ufukweni Nha Trang. Diệp bado hajui, na nimemkataza kila mtu kumwambia.