Marehemu Kwenye Orodha ya Nyasi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mimi ni mtu wa bahati. Garissa nzima hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda, na Nairobi nimefika. Mara mbili! Leo Abti Bare, kaka wa mama yangu, amekuja kutoka kijiji cha Sangailu na majina ya familia sitini na nne kwenye simu. Mbuzi wanakufa kwa ukame. Kuna shirika litaleta nyasi, lakini orodha ifike kesho. Nimeichapa kifalme. Kila mtu na kisanduku chake: jina lake juu, la baba katikati, la babu chini. Mpaka wa rangi ya dhahabu. Rukiyo, mwenye duka la kuchapa hapa jirani, amesema mstari mmoja kwa mtu ungetosha. Wivu.

Jumanne, 4 Februari
Shirika linataka orodha kwenye programu ya majedwali, siyo ya barua. Rahisi. Nikakopi, nikapesti. Dhahabu ikapotea, visanduku vikapasuka, kila jina likashika mstari wake. Sitini na nne wakawa mia moja tisini na mbili! Baraka. Rukiyo akaniambia nikague kabla ya kutuma. Nikamwambia akague mashine yake ya fotokopi. Nimetuma.

Jumatano, 5 Februari
Afisa wa shirika, mama wa Nakuru, amepiga simu. Hakujua Sangailu ni kubwa hivyo. Kesho ataita majina moja moja. Akikuta uongo, lori linageuza na nyasi zake. Nikampigia Abti, nikamsomea mwanzo wa orodha kwa madaha. Akanikatiza.
"Mpwa wangu, umemwandikisha babu yangu. Tulimzika kabla hujazaliwa."
Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi. Lakini chai imenishinda.

Alhamisi, 6 Februari
Sangailu, pamoja na Rukiyo, aliyejialika. Lori limejaa marobota. Yule mama wa shirika akaita Deeq. Deeq akasimama. Akaita Yarow. Deeq akasema huyo ni baba yake, marehemu. Akaita Hirsi. Deeq akasema huyo ni babu yake, kaburi la pili pale. Weris, mjane aliyebakiwa na mbuzi saba, akauliza kama marehemu watapewa nyasi kabla yake. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akamwambia dereva awashe gari.
Rukiyo akamshika mkono.
"Dada, hao watatu ni mtu mmoja. Huku mtu hubeba jina lake, la baba na la babu. Huyu ndugu yangu ndiye amewakatakata."
Akatoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa ameomba majina kwa Abti, akayapesti bila mapambo. Mistari sitini na nne. Mama akaita upya, wakasimama wote. Mbuzi wa Weris walianza kula kabla robota halijafunguliwa kamba! Abti akanikumbatia. Pongezi zote nimezipokea kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 7 Februari
Sifa zimeenea. Maalim ameniletea matokeo ya madrasa, wanafunzi thelathini. Visanduku, dhahabu, kopi, pesti. Wamekuwa tisini! Namba moja Idman, namba mbili baba yake, namba tatu babu yake. Nimeshawatumia wazazi wote.
Maalim yuko mlangoni na wazazi. Ile bahati niliyoandika ni uongo. Sina bahati. Nina Rukiyo, na leo hajafungua duka.