Kobe na Magunia Ishirini

Jumatatu, tarehe 6 Juni

Barua imefika. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaisoma mara mbili, ya kwanza kwa sauti, ya pili kimoyomoyo, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Karakana tisa ziliomba. Zimebaki mbili: yetu, na ya Kipara ng'ambo ya barabara. Jumamosi jeshi litayajaribu magari yote mawili. Litakaloshinda, wizara italigharamia miaka miwili, kulitengeneza na kulijaribu mpaka likamilike. Litakaloshindwa, mwenyewe atajua pa kulipeleka.

Gari letu tunaliita Kobe. Ni gari la deraya, la kubeba askari wanane huku risasi zikilia nje. Mwanangu kachomelea kila bamba kwa mkono wake. Mkwe ndiye aliyelichora na kupiga hesabu, maana ana cheti cha ufundi. Cheti chenyewe kimetundikwa ukutani juu ya picha yangu ya harusi. Juu! Nimelisema hilo mara ngapi.

Basi mwanangu kajifuta mikono, katamka jambo ambalo sikulipenda. Eti tukikosa fedha hizi, karakana haina kazi nyingine. Atafunga lango, yeye na mkewe wakaajiriwe kwa Kipara. Kipara keshamwahidi nafasi. Kwa Kipara! Mtu aliyekuja hapa hajui koleo wala nyundo, marehemu mume wangu akamfundisha, akala kwenye sahani zangu! Lango hili marehemu alilichomelea mwaka tuliooana. Miaka thelathini na nane nakaa kwenye benchi kando yake, najua nani kaingia, nani katoka, na nani katoka na spana isiyo yake. Halifungwi nikiwa hai.

Nimewaambia waniachie mimi. Wote wawili wameshtuka. Sijui kwa nini.

Jioni wakampandisha Kobe kilimani. Ndani wakapakia magunia ishirini ya mchanga, ndiyo askari na silaha zao. Kafika katikati, kakohoa, karudi kinyumenyume na mwanangu ndani. Mkwe kasema ni gia. Nyingine imeagizwa, itafika Alhamisi. Alhamisi! Na ikichelewa? Mimi si mtu wa kukaa kitako kungojea gia. Miguu inaniwasha.

Jumanne, tarehe 7 Juni

Nimekwenda kupeleleza. Nilichukua sufuria langu kubwa, lile lililong'oka mkono, nikavuka barabara kana kwamba nina shida. Kipara kaniuliza kama karakana ya mwanangu imehama. Nikamwambia mwanangu ana kazi za maana, hana nafasi ya masufuria. Kacheka. Ananiita shemeji. Shemeji kwa ndoa ipi?

Gari lake nimeliona. Kubwa, limepakwa rangi, lina feni ndani. Feni! Askari wanakwenda vitani au wanakwenda kupunga upepo? Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia vizuri. Nikaligonga mahali pengine. Vizuri vilevile. Nikaondoka na uchungu.

Sufuria kalichomelea bure. Mkono umekaa sawasawa kuliko ulivyokuwa dukani. Nimelificha uvunguni. Sitaki kulitazama.

Jumatano, tarehe 8 Juni

Leo nimetumia akili. Wengine wana vyeti, mimi nina akili.

Mwanangu na mkwe walikwenda mjini kufuatilia gia. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani karibu na benchi langu. Nikayatazama, yakanitazama. Nikajiuliza: Kobe anashindwa na nini? Kilima? La. Anashindwa na mchanga. Hao askari wenyewe hawatakuwa wa mchanga.

Nikaenda kwa seremala wa kona, nikamwomba maranda ya randa lake, yote aliyoyafagia tangu mwaka uanze. Kauliza ya nini. Nikasema nafuga kuku. Kauliza wangapi. Nikasema wengi. Kakuna kidevu, kasema basi mmoja ni wake.

Kazi sasa! Nilikata mshono wa chini wa kila gunia, mchanga ukamwagika wenyewe. Nikajaza maranda, nikayakanyaga yakashikana. Juu, chini ya mdomo wa gunia, nikaacha mchanga shibiri moja, ili mwenye mashaka akitia mkono akutane na mchanga. Nikashona kwa shazia yangu, sindano ya magunia, mishono midogo midogo, ya kupendeza. Magunia ishirini! Kiuno kinaniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Mchanga niliubeba kwa beseni mpaka nyuma ya bafu. Umekuwa kichuguu. Mkwe aliporudi kauliza umetoka wapi. Nikamwambia ni wa kupiga plasta. Kauliza plasta ya wapi. Nikamwambia mtoto aliyelelewa vizuri hamhoji mama mkwe wake karibu na bafu.

Alhamisi, tarehe 9 Juni

Asubuhi kilimani tena. Wapakiaji wawili walinyanyua gunia la kwanza, wakatazamana. Nikawakazia macho. Wakalipakia. Nani alishawahi kulalamikia mzigo mwepesi?

Kobe kapanda kama mbuzi! Mpaka juu! Mwanangu kashuka kanikumbatia, kashangilia kwamba chuma kimezoea. Mkwe peke yake kabaki ameduwaa na kalamu yake. Eti haiwezekani, hakuna kilichobadilika. Nikamwambia mashine ni kama ng'ombe, ukiishi nayo inakuonea huruma. Kaandika kitu. Sidhani ni hicho nilichosema.

Saa tisa gia ikafika. Wameifunga. Mkwe anasema sasa Kobe atapanda hata kwa magunia thelathini.

Nikawaza kurudisha mchanga. Nikanyanyuka kabisa, nikafika mpaka nyuma ya bafu, nikakitazama kile kichuguu. Kiuno kikakataa. Halafu ile mishono, nani ataifumua mishono mizuri vile? Chakula kikishaiva mtu hakirudishi kwenye moto kwa sababu kuni mpya zimefika.

Sikukaa tena leo. Nimefagia ua mara tatu.

Ijumaa, tarehe 10 Juni

Siku ya kujiandaa kwa dimbwi. Kesho gari litapitishwa kwenye dimbwi la jeshi, maji ya kufika kifuani. Lipite kwa magurudumu yake chini kwa chini, litokee upande wa pili.

Nimemsimamia mwanangu kutwa nzima azibe kila tundu. Nimesema askari, mtoto wa mwanamke mwenzangu, hatalowa ndani ya gari langu. Kaziba, nikamulika na tochi, nikaona mwanya, kaziba tena. Mkwe akaja na makaratasi, akaeleza kwamba gari likizibwa sana linataka uzito, la sivyo maji yatalibeba, lakini tusihofu kwani hesabu ya magunia ameiingiza. Nilikuwa nasikia kwa sikio moja. Jingine lilikuwa kwa Kipara, anajaribu honi. Honi! Adui apishe njia?

Mkwe katia sahihi karatasi ya mzigo: magunia ishirini, mchanga, kilo hamsini kila moja. Kaniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Nikamwambia ndiyo. Ashushe kile cheti.

Jumamosi, tarehe 11 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye risasi, maana huko tuliheshimika.

Kamati ilikaa chini ya hema. Mkubwa wao ni Kapteni, msichana mwembamba, umri wa kuwa mjukuu wangu, hacheki. Wakalipiga risasi gari la Kipara, likabonyea, likashika. Wakampiga Kobe. Hata kubonyea hakubonyea! Nikapiga kigelegele, askari mmoja kaniomba nirudi nyuma ya kamba. Kilimani magari yote mawili yakapanda. Kipara kajifuta upara.

Dimbwini likaanza gari lake. Likaingia, likapita, likatokea. Mlango ukafunguliwa na maji yakatangulia kutoka kabla ya dereva. Suruali imemganda! Nikamuuliza Kipara kwa nini asiwashe feni imkaushe.

Kobe naye akaingia. Taratibu. Kwa adabu. Maji yakafika magurudumuni, yakafika mlangoni. Halafu Kobe akanyanyuka.

Akaelea! Magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Likageuka polepole kama sinia juu ya beseni, pua ikatazama tulikotoka. Namuona mwanangu kwenye kidirisha anakata usukani kulia, anakata kushoto, gari linafuata upepo. Upepo ukalipeleka lilipotaka, yaani kwenye hema la kamati. Wakubwa wakabeba viti vyao wakakimbia. Kobe kaligonga hema kwa upole, katulia.

Kapteni kaamuru magunia yashushwe. Askari mmoja kabeba mawili, moja kwa kila mkono, huku anapiga mluzi. Hapo nikajua mambo yameharibika. Kapteni kachoma kisu tumboni mwa gunia. Maranda yakamwagika juu ya viatu vyake.

Kapteni kauliza nani katia sahihi. Mkwe kasema ni yeye. Kapteni kamweleza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogofya, kwamba aliyedanganya mzigo jina lake linafutwa, hatagusa kazi ya jeshi tena, si hapa, si kwa Kipara, si popote.

Mkwe kanitazama. Alishakumbuka kile kichuguu, nilikiona machoni mwake. Nikangoja anitaje. Hakunitaja. Kasema sahihi ni yake na magunia yalikuwa mkononi mwake. Mwanangu kalowa jasho, hajui hata anatetewa nani.

Basi nikavuka kamba. Nikasema magunia ni yangu, na maranda ni yangu, na mwenye macho aitazame ile mishono aseme kama msichana wa siku hizi anaweza kuishona. Si kwamba nilimhurumia. Ni kwamba kazi nzuri vile siwezi kumwachia mtu mwingine sifa.

Kapteni kaniuliza, Bibi, kwa nini? Nikamwambia kwa sababu ya gia, kwa sababu ya lango, na kwa sababu yeye mwenyewe hajui kwamba kuweka mchanga mahali pa askari ni kumtukana askari. Nikamuuliza kama mama yake anajua anavyowasimamisha wazee juani. Kaniletea kiti. Nikakaa, nikaendelea kumsema nimekaa.

Mwisho katoa uamuzi: mkwe hakudanganya, jina lake halifutwi, na kwa kuwa la Kipara liliingiza maji, bado hakuna mshindi. Jumatatu Kobe atarudia yote, kwa mchanga wa jeshi, uliopimwa na jeshi. Na mimi nisionekane hata kwa mbali.

Mwanangu aliponishusha nyumbani kaniambia kuwa maisha ya mkewe yote yalikuwa kwenye ile sahihi. Nikamwambia najua. Kwani mimi kipofu?

Jumatatu, tarehe 13 Juni

Wameondoka alfajiri. Nimeachwa na lango. Nimekaa kwenye benchi, nimesimama. Nimekaa, nimesimama. Nimejaribu kuandaa la kumwambia mwanangu akirudi kufunga lango. Nimekwenda bafuni mara nne, si kwa haja, ni kukitazama kile kichuguu. Nikalitoa lile sufuria uvunguni, nikalisugua mpaka likang'aa.

Saa nane nikamsikia Kobe kabla sijamwona. Mwanangu anapiga honi. Hatuna honi! Kumbe anagonga bamba kwa nyundo.

Kobe kapanda kilima na mchanga wake wote, gia imeshika. Kapita dimbwini magurudumu yakiwa chini, na walipofungua mlango hapakuwa na hata tone, sakafu kavu kama ulimi wangu. Fedha ni zetu! Miaka miwili! Kipara kaja kupeana mikono, kauliza kama tutahitaji fundi wa viti vya askari. Nimemwambia aje kesho, aanze kwa kufagia. Kaniita shemeji. Leo nimemwacha.

Mkwe kaingia ndani, nikamsikia anagonga msumari. Nilipokwenda kutazama, cheti kimeshushwa, kimewekwa sambamba na picha yangu. Sambamba. Nimempakulia chakula kwanza, kabla ya mwanangu, kutoka kwenye lile sufuria.

Ila naomba mtu anijibu. Nani kaziba matundu yale? Nani kasimama na tochi? Na pale Kobe alipoelea, Kapteni mwenyewe kaandika, mkwe kanisomea, kwamba wizara ingependa siku moja kujua kama gari hili linaweza kuelea kwa kukusudia. Kwa kukusudia! Kwa hiyo nilikuwa mbele yao wote. Hilo hakuna aliyelisema mezani.

Sasa yanakuja majaribio ya mabomu ya ardhini. Jeshi limemrudisha Kobe akiwa na wanasesere wanane ndani, wakubwa kama watu, wamejazwa uzito kamili. Watakaa ndani ya Kobe bomu likilipuka chini, kisha watapimwa nani kaumia. Wamefungiwa stoo na ufunguo kapewa mkwe, kwa maandishi, jina langu limetajwa humo kwa sababu nisizozipenda. Hawajui kwamba kufuli ile aliitengeneza marehemu, na marehemu hakuwahi kutengeneza ufunguo mmoja tu maisha yake yote.

Nimeingia kuwasalimu tu. Maskini, wagumu kama magogo! Mtu mgumu hivyo bomu likimrusha si atavunjika? Angekuwa laini kidogo tumboni angeruka akatua salama, na Kobe akapata alama zote. Wana mshono mgongoni. Mbaya, wa haraka haraka. Nina shazia.

Nimepita kwa seremala jioni. Kadai kuku wake. Nimemwambia avumilie, na aniwekee maranda mengine, mengi kuliko yale. Kuku wameongezeka.