Nilivyokijaribu Kiti cha Watu

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe.

Mgongo wangu mnaujua. Tangu nianze kupiga taipu pale ofisi ya wakulima wa tumbaku nimekalia stuli, jioni natembea nimeinama kama natafuta sindano. Leo bosi akanionea huruma: "Nenda kwa fundi seremala, chagua kiti kitakachokufaa."

Nikaenda kwa yule fundi wa karibu na stesheni. Nikajaribu kiti cha kwanza, kigumu. Cha pili, magoti yakakaribia kidevu. Kisha nikakiona chenyewe: mninga mtupu, mikono miwili, mto wa kitenge.

"Hicho kina mwenyewe," fundi akasema. "Anakuja kukichukua leo."

"Najaribu tu, fundi."

Nikajipenyeza. Kilinibana kiunoni (makalio yangu ni ya urithi), lakini mgongo ulishukuru! Nikavua viatu. Nikachezesha vidole hewani kama napiga taipu. Nikafumba macho kidogo.

Nikasinzia.

"Fundi, kiti changu kiko wapi?"

Nikagutuka. Mama yake Kabula! Kabula huyohuyo niliyepeleka posa kwao Usevya, na mpaka leo jibu sijapewa, roho iko juu. Na sisi Wasukuma mnatujua: mama mkwe ukikutana naye unampisha njia. Kumkodolea macho tu ni kukosa adabu, sembuse kukoroma kwenye kiti chake!

Nikainuka haraka nimpishe. Kiti nacho kikainuka. Nikatoka mbio peku, kimening'ang'ania nyuma, fundi anapiga kelele: "Kaka, kiti cha watu hicho!" Wauza karanga wakashangilia. Nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi, miguu ya kiti ikatazama juu.

Mama akafika taratibu. Hakunisemesha, heshima haimruhusu. Akamgeukia fundi, kwa sauti ya kusikika stesheni nzima:

"Mwachie hicho. Nitengenezee kingine. Mimi sikalii alipokalia mkwe wangu."

Akaondoka zake. Nililala palepale mchangani nikiwaza. Mkwe wangu? Amesema mkwe wangu! Nikataka kuruka kwa furaha, kiti kikakataa. Ilibidi fundi na wauza karanga wanivute, huku wananipongeza na kufuta machozi ya kicheko.

Harusini karibuni wote. Ila atakayecheka atakula wali amesimama.