Friji Mlango Wazi

Jumanne, 18 Februari
Mchumba wangu Nyevu ameleta habari. Jumamosi shangazi yake, Bi Kafedha, anavuka kutoka Mtongwe kuja kuona pale mtoto wa kakake atakapokaa. Akiridhika, wazee wangu watapokewa kwao. Akikataa, basi, hakuna harusi. Nyevu kanionya jambo moja: shangazi hawezi joto. Na chumba changu hapa Mtopanga ni mabati matupu. Feni ipo, ila inazungusha hari ile ile.

Nimefungua friji kutoa maji. Tumbo likapoa! Baridi yote hii nimeifungia kabatini kwa nini?

Alhamisi, 20 Februari
Nimejaribu. Nimesimama mbele ya friji iliyo wazi dakika tano, raha tupu. Nimeziba dirisha kwa gunia na kusukuma matambara chini ya mlango, baridi isitoroke.

Jirani yangu Dancun amechungulia. Yeye hutengeneza mafriji huko Changamwe, basi hujiona profesa. Eti friji haitengenezi baridi, inatoa joto tumboni mwake na kulimwaga kwa nyuma. Akaniambia niguse nyuma. Nikagusa. Moto kweli. Nikamjibu ndilo hilo joto la chumba changu, si linatolewa? Akanitazama sana, kisha akaenda zake. Wivu huo.

Jumamosi, 22 Februari
Siku mbaya.

Bi Kafedha kafika saa sita. Nikampa shikamoo na kiti kilichoelekea friji, nikafunga mlango wa chumba. Robo saa, friji inanguruma bila kupumzika. Shangazi akavua kilemba. Kisha viatu. Nikamsihi avumilie, baridi iko njiani. Nikampa soda. Akasema aliomba soda, hakuomba chai. Halafu samaki changu niliowanunua kwa chakula cha mchana wakaanza kunuka, maana walishinda na mlango wa friji wazi tangu asubuhi.

Akainuka. Akasema hakulea mtoto aje kuokwa. Akaenda kuketi barazani kwa Dancun, akapewa maji ya baridi kutoka kwenye friji iliyofungwa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwuliza kama ana mke.

Hana.

Jumapili, 23 Februari
Nyevu amekuja baada ya kanisa. Nilidhani atanigombeza. Akasema bado ananitaka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Amemlilia shangazi mpaka amekubali kurudi Jumamosi ya tarehe nane, mara ya mwisho. Ameniomba mambo mawili tu: nifungue dirisha, niwashe feni. Nimemwahidi. Alipoondoka nimelia kidogo.

Jumatatu, 24 Februari
Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na kosa nimeliona. Friji moja! Itawezaje peke yake chumba kizima? Zikiwa mbili, zikitazamana, shangazi katikati, ataomba shuka.

Nimekwenda Kongowea kwa Mzee Menza, anayeuza vyombo vikuukuu. Ameniachia friji kubwa, naye kachukua baiskeli yangu. Haikutosha, nikamwongezea feni. Wenye mkokoteni wamehangaika kuiingiza, chumba hakina nafasi, mwishowe imekaa pale pale penye dirisha na kuliziba lote. Gunia halihitajiki tena.

Nyevu sijamwambia. Nataka afurahi siku hiyo hiyo, pamoja na shangazi.