Nasimiyu Anaenda Angani

Jumapili, 5 Machi 2017

Nimepangiwa lindo jipya. Maabara! Ndani kuna setilaiti ndogo, ukubwa wa mkate wa dukani, itakayopelekwa ng'ambo kupandishwa roketi. Nani amewekwa kuilinda? Mimi, Athanas. Jioni chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud huku ughaibuni, nikawatangazia wenzangu. Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wanatazama tena picha ya Gerishon, mwenzetu wa chumba, aliyopiga pamoja na mchezaji mpira maarufu kwenye lifti ya hoteli anakofanya kazi. Wiki ya tatu sasa! Na sikio la mchezaji limekatwa na ukingo wa picha. Nikampigia Mama kule Bungoma, nikamwambia jina lake, Nasimiyu, litaenda angani. Ameshawaambia wanawake wote wa kanisani. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Jumatatu, 6 Machi

Nimemwomba Injinia Hannah, kwa heshima zote, aandike NASIMIYU popote kwenye setilaiti. Akasema hata jina la mama yake halimo. Kila kitakachoruka hupimwa kwa gramu, skrubu moja ya ziada ni kesi. Sawa. Nikakaa kutwa nikiwatazama wakipima. Wamepima betri. Nyaya. Hata gundi! Kitu kimoja hawajakigusa: kofia nyekundu inayofunika lenzi ya kamera. Watu wana digrii mbili mbili, na kofia imewapita.

Jumatano, 8 Machi

Tayari! Walipoenda kula nilibaki kukagua chumba. Nikavaa koti jeupe na glavu kama wao, nikachomoa kofia, nikaandika NASIMIYU kwa ndani, nikairudisha. Kwa haraka, herufi ya mwisho ikawa kama kwato. Wakinishika ni tiketi ya nyumbani. Lakini nimeahidi. Gerishon abaki na lifti yake.

Alhamisi, 9 Machi

Tumeipeleka uwanja wa ndege. Idrisa, dereva wetu wa Tanga, aliendesha kana kwamba amebeba bibi harusi. Sanduku lina stika inayobadilika rangi likiinama, kwa hiyo alinifokea niache kulikumbatia, mimi si mama yake. Nikamjibu mama yangu ndiye aliyemo ndani. Akapunguza mwendo zaidi.

Alhamisi, 20 Aprili

Imeruka! Tumeiona kwenye simu ya Gerishon (bando langu limeisha). Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mama amelia kwenye simu. Anasema kila jioni ataangalia juu kabla ya kufungia kuku. Kanisani wamepanga ibada ya shukrani mwezi ujao, na anashonesha gauni. Usiku huo hakuna aliyetazama picha ya Gerishon. Kabisa! Sijawahi kula ugali mtamu namna ile.

Jumapili, 7 Mei

Sanduku limerudi. Lirudi kwa nini? Injinia Hannah ameniita. Kofia nyekundu iko mezani. Akauliza Nasimiyu ni nani. Nikasema mama mzazi. Akaeleza kwamba kofia ni ya kuzuia vumbi njiani tu. Huvuliwa kabla ya kuruka, ndiyo maana haikupimwa. Na wino wangu ungeweza kuharibu lenzi. Nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa getini, juani. Kofia nimepewa niende nayo. Gerishon sasa anaitumia kama kopo la chumvi.

Na leo ndiyo siku ya shukrani. Mama amevaa gauni lake jipya. Nimeona aibu sana, nakiri hapa tu. Simwambii. Nimwambieje? Isitoshe, jina lake limepanda ndege kwenda na kurudi. Gerishon na lifti yake wameishia ghorofa ya tisa.

Alhamisi, 11 Mei

Getini kuna joto, lakini kila kitu hupitia kwangu. Leo imeingia setilaiti ya pili, ndani ya sanduku la plastiki linaloonyesha kilichomo. Nimeichungulia vizuri. Kosa langu nimelijua: kofia ni kitu cha kuvuliwa, hata mtoto anajua. Hii haina kofia. Ina utepe mwekundu, umefungwa kwenye pini ubavuni kwa fundo la nguvu. Nani atajisumbua kufungua fundo lile? Tena ni mrefu, unatosha majina mawili. Nikamuuliza fundi aliyeipokea kama utepe umepimwa. Akasema hapana, huo hawaupimi.

Hawaupimi! Nimeshampigia Mama. Nimemwambia safari hii anaenda na mwanawe.