Ukungu Si Shahidi

Jumatatu, 22 Septemba

Mahakama imetoka likizo. Masjala yetu ya rufaa imejaa mafaili hadi dirishani. Kazi yangu ni kupanga kurasa, kuzitia nambari, kuzitoboa na kuzifunga kwa kamba ya kijani. Mimi ni mtu wa utaratibu. Hata kalamu zangu hulala mezani kwa kufuata urefu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekalia mabati yote ya mji wa Kisii. Nikautazama. Nikajiona ndani yake nimevaa suti nyeusi, nimeketi kwenye kiti cha Wakili Lavender. Yeye ndiye mtafiti wetu wa sheria. Husoma kila rufaa kabla ya Jaji, kisha humwandikia muhtasari: mambo yalikuwaje, swali ni lipi, sheria inasemaje. Jaji huamua mwenyewe, lakini anayeshikwa mkono gizani huanza kutembea kutoka pale aliposhikwa. Kazi tamu! Kunong'ona, halafu nchi inasikia ngurumo.

Nilipozinduka nilikuwa nimetoboa leso yangu pamoja na rekodi ya rufaa. Karani mwenzangu Angwenyi akauliza kama leso hiyo ni kielelezo cha mrufani au cha mjibu rufaa. Mpuuzi.

Kisha, chini ya rundo, jina. Mokua dhidi ya Ogeto. Moyo ukaruka! Mzee Mokua wa Kebirigo ni baba yake Orpah. Orpah wangu. Mzee amekataa kabisa kuzungumza habari za mahari mpaka rufaa yake iamuliwe. Anamdai mdogo wake Ogeto kipande cha malisho. Anasema hawezi kupokea ng'ombe wa mtu huku hajui atawafunga upande upi wa mpaka.

Kwa hiyo ndoa yangu iko chini ya rundo. Nimeigusa kwa kidole.

Jumanne, 23 Septemba

Mpango wa kwanza. Niliwahi kazini, nikaichomoa ndoa yangu chini na kuiweka juu kabisa. Nikapuliza vumbi, ionekane ilizaliwa pale.

Wakili Lavender akaingia, akatazama rundo, akairudisha mahali pake bila hata kuvua koti. Akasema foleni ni foleni, hata kwa karatasi. Lakini Mungu ni mwema: zamu yake ilikuwa karibu. Kabla ya chai akaifikia.

Akauliza swali analouliza kila anapofungua faili jipya. Je, kuna mtu humu aliye jamaa, rafiki au mkwe wa hawa? Kama yupo aseme, faili lipelekwe kituo kingine cha mahakama likasomwe huko, wala si aibu.

Angwenyi akasema hapana.

Mimi nikasema kwamba kwangu watu hao ni wageni kama watu wa mwezini, sijawahi kuwaona wala kuwasikia, na hiyo Kebirigo yenyewe siijui inakaa upande gani.

Wakili akafungua ukurasa wa kwanza. Akasema "hapana" ingetosha.

Alhamisi, 25 Septemba

Mpango wa pili! Wakili amezidiwa na kazi. Nikamwomba, kwa unyenyekevu, niandike rasimu ya maelezo ya kesi ya Mokua, kama mazoezi tu. Akakubali. Akanionya niandike yaliyotokea na nani aliyeyasema mbele ya hakimu, basi. Yawe makavu kama mahindi ya mbegu.

Nikaketi dirishani. Mvua ya alasiri ikaanza kupiga migomba ya chini huko. Kalamu ikatembea yenyewe. Nanakili hapa mwanzo wake, kwa ajili ya vizazi vijavyo:

"Ilikuwa asubuhi ya ukungu, Mheshimiwa, ukungu ule unaonuka majani chai mabichi, wakati ndugu mdogo alipoihamisha safu ya nyasi za nepia za mpakani kwa mwendo wa paka, huku ndugu mkubwa, mtu mpole, baba wa binti mwenye macho ya ndama, akiwa bado amelala usingizi wa wenye haki."

Nikamwona Jaji akivua miwani. Nikamsikia akiuliza, kwa sauti iliyovunjika, ni nani huyu aliyekuwa akifichwa masjala.

Wakili Lavender alirudisha karatasi ikiwa nyekundu kama mchicha mwekundu. Binti alikuwa amekatwa. Ndama alikuwa amekatwa. Pembeni ameandika: Ukungu si shahidi. Andika upya.

Andika! Kwa hiyo anataka niandike.

Jumamosi, 27 Septemba

Sabato. Nilisali Kebirigo, kanisa la akina Orpah, nikiwa na tai. Somo lilihusu ushuhuda wa uongo. Lilikuwa refu mno.

Baada ya ibada nikamvuta Mzee Mokua pembeni. Nikamweleza kwamba akija ofisini kwetu kuuliza habari za faili, mimi na yeye hatujuani. Mzee akacheka hadi fimbo ikacheza. Akasema nisiwe na hofu, yeye aliwahi kuishi na Ogeto boma moja mwaka mzima bila kumjua.

Orpah hakucheka. Akasema nimwambie Wakili ukweli, faili liende litakakoenda, na yeye atasubiri. Akasema mimi hata kwenda kisimani nitatafuta njia ya mkato nirudi na ndoo tupu. Nikamwambia sheria ni jambo zito. Akasema ndiyo maana wameajiri Wakili.

Mama yake alikuwa mbali, kati ya wanawake, na kama kawaida hakugeuza uso upande wangu. Kwake sikutuma neno. Mama huyo haji mjini.

Jumatatu, 29 Septemba

Mama amekuja mjini.

Niandike polepole. Mlango ulifunguka, akaingia Mzee Mokua na fimbo, na nyuma yake Mama, na gauni la kanisani. Mzee alikuwa bora kuliko mwigizaji. Alinitazama kama mtu anayetazama nguzo ya stima. Akamwuliza Angwenyi, si mimi, rufaa yake imefika wapi. Angwenyi akamwelekeza kwangu. Mzee akasema ahaa, huyu kijana nisiyemjua.

Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikataka kuyakamilisha. Mteja yeyote mgeni mimi humpa mkono juu ya kaunta. Nikampa Mzee, akaupokea. Nikampa Mama.

Mama aliruka nyuma. Akaficha mikono yote miwili mgongoni. Akauelekeza uso ukutani, akavuta leso ya kichwani hadi shavuni, na akiwa hapo akaisalimia kalenda, akaiuliza kama nimeamka salama.

Humu ndani sote ni Wakisii. Hakuna asiyejua ni nani ambaye mama hamshiki mkono: mume wa bintiye. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mtoto huinyonya na maziwa. Mimi mwenyewe niliinyonya. Iliniponyoka kwa sababu nilikuwa na kazi ya kutomjua.

Kalamu ya Angwenyi ikaanguka. Akauliza harusi ni lini, ashone suti.

Wakili Lavender akainuka. Akamsalimia Mama kwa adabu, akamvutia kiti, akamwuliza habari za chai ya huko juu. Kisha akanigeukia na kusema taratibu: Ishmael, watu wa mwezini wamefika.

Jumanne, 30 Septemba

Faili limeondoka. Limeenda Nyamira, kwa jaji mwingine na mtafiti mwingine, likaanze kusomwa upya. Wakili anasema kama ningesema ukweli siku ile, lingeondoka siku ileile na Mzee angepata nafasi njema. Sasa huko foleni imejaa, naye atakaa mkiani.

Mimi nimeondolewa kwenye kurasa. Napiga mihuri kaunta, chini ya uangalizi wa Angwenyi! Ananiita "Mkwe". Mkwe, gonga hapa. Mkwe, huo muhuri umeupindua.

Mzee alipiga simu. Niliishikilia mbali na sikio na bado kaunta nzima ilisikia. Hakuna mpaka, hakuna ng'ombe. Hakuna ng'ombe, hakuna binti. Akakata.

Niliutafuta ukungu dirishani. Leo haukuja.

Alhamisi, 2 Oktoba

Umerudi! Umejaa hadi kwenye ngazi za mahakama, na watu wanatokeza ndani yake kidogokidogo, kofia kwanza.

Orpah amepiga simu. Hakuweza kusema kwa kicheko. Kumbe jana Mama alimkalisha Mzee. Akamwuliza: mimi nimemficha mkono yule kijana mbele ya mawakili na makarani. Kama si mkwe wangu, basi nimemtukana mtoto wa watu bure. Kama ni mkwe, ng'ombe wake wako wapi? Mzee alizunguka nyumba, akarudi. Amesema niwalete wazee wangu Desemba. Ng'ombe watafungwa kwenye migomba yake mwenyewe, mbali na mpaka, na Ogeto awatazame mpaka ashibe.

Kwa furaha nikapiga muhuri kwenye kiganja changu. Ni kama nilivyopanga. Si hatua kwa hatua, lakini kwa jumla.

Imebaki kesi ya malisho tu. Haifai baba mkwe wangu akae mkiani. Na nimesikia masjala ya Nyamira inatafuta karani wa kupanga kurasa. Nimeomba uhamisho leo mchana, kwa mwandiko safi. Bila shaka mtafiti wa huko naye huuliza lile swali kila anapofungua faili. Jibu lake nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha choo. Wakili Lavender alinifunza vizuri, nami si mtu wa kusahau mafunzo.

Hapana. Basi. Inatosha.