Maksai wa Ewoi

Ewoi, kijana mwimbaji, alimkuta mama mmoja, Nabei, pale Nawoitorong karibu na Lodwar akisuka kikapu huku akimwimbia mtoto wimbo wa kuringia maksai. Masikio yakamsimama kama ya punda.

"Ejok, mama," akamsalimia. "Huo wimbo ni wa nani?"

"Wa baba yangu, Lomuria. Alimtungia maksai wake, Longor," akasema Nabei. "Wote wawili walishakufa. Umebaki wimbo."

"Niimbie nirekodi kwa simu. Vijana wataucheza, na jina la mzee litatajwa humo humo."

Nabei akaimba mpaka mtoto akalala. Pesa hakuomba. Alitaka jina tu.

Kule Kakuma, Malual mwenye studio aliupenda, ila akakuna kidevu. "Huyu Lomuria iko na watoto? Mimi sitaki watu nakuja hapa kusumbua."

Ewoi, ambaye ukweli aliuheshimu kwa mbali, akamfuta marehemu papo hapo. "Lomuria gani, boss? Mtunzi ni mimi. Maksai ni wangu, yuko Katilu, amenona mpaka anapumua kwa shida."

Wimbo ukatiwa gitaa na ngoma, ukalipuka. Nabei aliusikia kwenye spika ya bodaboda. Longor yumo, Lomuria hayumo. Akamaliza kunyonyesha kwanza, ndipo akakasirika.

Siku ya uzinduzi rasmi wa wimbo Lodwar, Ewoi alipanda jukwaani na miwani nyeusi, akajisifia maksai wake. Nabei, mtoto mgongoni, akapanda nyuma yake na kuomba maikrofoni.

"Hongera, mwanangu! Sasa desturi. Anayemwimba maksai wake mbele ya akina mama, humchinja. Sufuria tumekuja nazo."

Desturi hiyo ilizaliwa asubuhi ile, jikoni kwa Nabei. Lakini nyama ikitajwa nani abishe? "Ni kweli kabisa!" wazee wakaitikia.

"Lakini yuko Katilu, mama. Mbali!"

"Gari yangu iko," akasema Malual kutoka kwenye mitambo yake kando ya jukwaa. "Twende tulete."

Ewoi akatazama sufuria. Zilikuwa nyingi, tena kubwa.

"Mama yangu... maksai si wangu."

"Ni wa nani? Wa nyuma hawasikii."

"Wa Lomuria!" Ewoi akapiga ukelele. "Na wimbo ni wa Lomuria!"

Malual, mtu wa kazi, alikuwa anarekodi. Ukelele ule akauweka mwanzoni kabisa mwa wimbo. Sasa ukipigwa popote Lodwar, sauti ya Ewoi hutangulia ikitetemeka, na wachezaji hurudia kwa nguvu jina la mzee. Wageni hudhani ni madoido.